Nani Atatia Saini? Karatasi za Kumlaza Mgonjwa wa Akili Wakati wa Dharura

Nawasalimu kina mama mlio jikoni na mlio kwenye vibanda vyenu sokoni, na nyinyi ambao saa hii mmeketi kando ya kitanda cha mgonjwa, redio mkiwa mmeipunguza sauti ili asiamke. Mimi ni muuguzi wenu wa afya ya jamii.

Leo mada yetu ni nzito kidogo. Niliombwa niizungumzie na kina mama wa kikundi kimoja cha kuweka akiba, na swali lao lilikuwa hili: mtu akipatwa na ugonjwa wa akili ghafla, naye anasema haendi hospitali na wala si mgonjwa, ni nani mwenye haki ya kumlaza? Na hizo karatasi zinazoulizwa pale kasualti ni za nini? Mama mmoja aliniambia, "Sista, mimi naogopa kutia saini. Nitakuwa nimemfunga mwanangu."

Hofu hiyo naijua. Basi nitaanza na kisa, kisha tuje kwenye sheria. Mwenyewe amenipa ruhusa nikisimulie, mradi nisimtaje jina wala kijiji.

Alikuwa mama kijana mwenye mtoto wa pili, siku ya nane baada ya kujifungua. Waliletwa na tuktuk asubuhi na mapema kwenye zahanati nilikokuwa nikifanya kazi, yeye, mavyaa yake na shemeji yake. Mikono walikuwa wamemfunga kwa leso. Hakuwa amelala usiku mara tatu mfululizo. Alikuwa akisema mtoto yule si wake, amebadilishwa, na wa kwake yuko chini ya maji akimwita. Saa kumi alfajiri walimkuta kando ya kisima, mtoto kifuani.

Jambo la kwanza nililofanya ni kumwambia shemeji afungue ile leso, kwa sababu viganja vilikuwa vimeanza kuvimba. Akaniuliza, "Je, akikimbia?" Nikamwambia tutaketi naye, mmoja huku na mmoja huku, na mlango tutaurudisha. Hakukimbia. Alikuwa amechoka mno.

La pili, nilimpima joto, presha na sukari, nikamtoa tone la damu nikaangalia malaria. Hapa naomba mnisikilize vizuri. Si kila anayeropoka ana ugonjwa wa akili. Malaria kali hufanya hivyo. Homa ya uti wa mgongo hufanya hivyo. Sukari ikishuka sana mtu huwa kama mlevi, tena mkali. Mlevi wa miaka mingi aliyeacha pombe ghafla anaweza kuanza kutetemeka na kuona vitu visivyokuwapo, na asipotibiwa anaweza kufa. Mama aliyejifungua majuzi anaweza kuwa na presha ya juu au uchafu wa kizazi uliompandisha homa. Kwa hiyo kabla ya mtu yeyote kutaja karatasi za wodi ya akili, mwulize muuguzi au daktari: mmeupima mwili wake? Mna haki ya kuuliza, na asiwakasirikie. Akikasirika, ulizeni tena.

Mama yule hakuwa na homa, presha ilikuwa sawa na malaria haikuonekana. Dalili zake zilikuwa za ugonjwa wa akili unaokuja baada ya kujifungua. Huu si ule unyonge na machozi ya siku ya tatu au ya nne, ambayo kina mama wengi huyapata yakapita yenyewe. Huu huwapata mama mmoja au wawili kati ya kila 1,000 wanaojifungua, na mara nyingi huanza katika majuma mawili ya kwanza. Hauna uhusiano na kulogwa wala na laana ya wakwe. Hutibika, tena vizuri, lakini ni dharura sawa na kutokwa na damu, kwa maana mama anaweza kujidhuru au kumdhuru mtoto akiamini kabisa kwamba anamwokoa.

Tukapiga simu hospitali ya rufaa, gari la wagonjwa likaja, nami nikaandika barua ya rufaa. Nitairudia barua hiyo baadaye, maana nilikosea ndani yake.

Kule hospitali ndipo ubishi ulipoanza. Daktari alisema mgonjwa anahitaji kulazwa na yeye mwenyewe hawezi kukubali wala kukataa, kwa hiyo jamaa atie saini. Mavyaa akasema, "Mimi siwezi. Mwanangu atasema nimemfungia mke wake." Mume yuko Nairobi, ni askari wa usiku. Akapigiwa simu, akajibu, "Msitie saini chochote mpaka nifike," na basi lake lilikuwa la kesho yake. Mara mama mzazi wa mgonjwa akaingia, jasho linamtoka, akasema kwa sauti ambayo kasualti nzima iliisikia: "Mwanangu si mwendawazimu. Mnataka karatasi ya kumnyang'anya mtoto wake." Na yule mgonjwa amekaa katikati yao wote, anasikiliza maji.

Hebu tumwache hapo kidogo tuangalie sheria inasemaje.

Hapa Kenya tuna Sheria ya Afya ya Akili ambayo Bunge liliitunga mwaka wa 1989, likaifanyia marekebisho makubwa mwaka wa 2022. Sheria hii inatambua milango zaidi ya mmoja ya kuingia wodini. Mlango wa kwanza, na ulio bora, ni wa hiari. Mgonjwa anaelezwa, anakubali, anatia saini mwenyewe. Wengi hukubali wakizungumzwa nao kwa utulivu. Kwa hiyo msikimbilie nguvu. Mwulizeni kwanza, tena ulizeni mkiwa wawili tu, si ukoo mzima umemzunguka.

Mlango wa pili ni wa yule asiyeweza kuamua kwa wakati huo kwa sababu ya ugonjwa wenyewe. Huyu sheria inamruhusu alazwe bila idhini yake, lakini kwa maandishi. Mume, mke au jamaa anaandika ombi kwenye fomu maalumu, linakwenda kwa msimamizi wa hospitali. Ikiwa hakuna jamaa, mtu mwingine anaweza kuomba, ila aeleze yeye ni nani kwa mgonjwa na kwa nini jamaa hawakuomba wao. Pamoja na ombi hilo, panatakiwa maandishi ya daktari aliyemwona na kumpima mgonjwa. Ombi la jamaa peke yake halimlazi mtu.

Mnaona kwa nini imewekwa hivyo? Jamaa anajua kilichotokea nyumbani, daktari anajua ugonjwa. Kila mmoja anamchunga mwenzake. Tusidanganyane, wako watu ambao wangependa sana kumpeleka mke au ndugu wodini kwa sababu ya shamba au kwa sababu wamemchoka. Karatasi hizi zipo ili isiwe rahisi hivyo. Nimewahi kuona daktari akimrudisha bwana mmoja nyumbani na fomu yake, baada ya kuzungumza na mke faraghani nusu saa na kukuta mwanamke ana akili timamu na hasira za haki.

Kwa hiyo yule mama anayesema "nitakuwa nimemfunga mwanangu" namjibu hivi: fomu ile haimfanyi mtu kuwa mfungwa. Haifungui kesi mahakamani, haiendi polisi, haimnyang'anyi mtoto wala shamba. Inasema jambo moja: kwamba leo, kwa sababu ya ugonjwa, hakuweza kuamua, na fulani ameomba atibiwe. Na ina muda wake. Sheria haikuruhusu mtu alazwe bila kikomo, kwa hiyo siku ile ile ulizeni: muda huu unaisha lini? Andikeni tarehe hiyo nyuma ya kadi.

Na je, ikiwa jamaa wanabishana, matibabu yasimame? La. Katiba yetu ya mwaka wa 2010, katika kifungu cha 43, inasema mtu asinyimwe matibabu ya dharura. Mtu anayetaka kuruka kisimani yuko katika dharura. Daktari anaweza kumtuliza na kumlinda wakati karatasi zinaandaliwa, na aandike kwenye faili ni kwa nini na saa ngapi. Lakini msichukue maneno haya kama ruhusa ya kuzikwepa karatasi. Mgonjwa akikaa wodini juma zima bila fomu, basi anakaa pale bila haki, hata kama anatibiwa vizuri.

Uko pia mlango wa tatu. Huu ni wa mtu aliye hatari kwake mwenyewe au kwa wengine, au anayetangatanga bila mlezi, au, na hili wengi hawalijui, mtu mwenye ugonjwa wa akili anayeteswa au kutelekezwa na walio naye. Hapa sheria ilimpa uwezo chifu, naibu wa chifu, mkuu wa kituo cha polisi au ofisa wa polisi wa cheo cha inspekta na kwenda juu, amchukue mtu huyo na kumfikisha hospitalini. Sheria ya mwaka wa 1989 iliweka saa 24 za kumfikisha. Akishafika, hospitali ilipewa hadi saa 72 za kumchunguza na kuamua kama anahitaji kulazwa, na kwa njia ipi, au arudi nyumbani. Yaani chifu anamleta tu, halazi. Anayeamua ni hospitali.

Mkimwendea chifu, mwambieni wazi kwamba mnaomba msaada wa kumfikisha mgonjwa hospitalini, hamshtaki mtu. Maneno yana uzito. Ukisema "njoo umkamate, ametusumbua," utashangaa mwanao analala seli na wezi wa kuku. Seli si mahali pa mgonjwa, na wala minyororo nyumbani si matibabu. Kumtesa au kumtelekeza kwa makusudi mgonjwa wa akili unayemtunza ni kosa kisheria.

Kuna jambo jingine linalofanya watu wafiche wagonjwa wao. Kwa miaka mingi, kujaribu kujiua kulikuwa kosa katika sheria zetu za jinai, kifungu cha 226, na adhabu ilifika miaka 2 gerezani. Kwa hiyo kijana akinywa dawa ya ng'ombe, jamaa walikuja wakasema ni bahati mbaya, aliidhania soda. Sisi tunapoteza muda kutafuta amekunywa nini, na yeye anaisha. Mnamo Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu hicho kinapingana na Katiba. Kwa hiyo mleteni, na mseme kweli. Leteni na chupa.

Sasa turudi kwa mama wetu kasualti.

Daktari yule, kijana mdogo tu, alifanya jambo ambalo mpaka leo namheshimu nalo. Aliwahamisha wale wamama wawili kwenye chumba cha pembeni, akamkalisha mama mzazi, akamwambia, "Mama, keti. Nitakusomea karatasi hii yote kwa Kiswahili, neno kwa neno, halafu uniambie ni wapi pamesema mtoto ananyang'anywa." Akasoma. Mama akasema, "Soma tena." Akasoma tena. Kisha mama akauliza, "Na kunyonya?" Daktari akamweleza kwamba watachagua dawa wakijua ananyonyesha, na mtoto ataletwa mchana akiwa na bibi yake na muuguzi pamoja, si peke yao. Mama akasema, "Liandike hilo." Likaandikwa kwenye faili mbele ya macho yake. Hapo akaomba wino, akaweka kidole gumba. Mavyaa akatia saini kama shahidi. Mume alipofika kesho yake alimkuta mkewe amelala usingizi, usiku wake wa kwanza wa kulala tangu ajifungue.

Mama, usione haya kuomba usomewe mara mbili. Wala usitie saini karatasi yenye nafasi tupu. Tarehe iwepo, saa iwepo, jina la mgonjwa liwe lile lililo kwenye kitambulisho. Ukiweza omba nakala, na kama hakuna mashine, ipige picha kwa simu.

Na ukiulizwa ueleze kilichotokea, eleza ulichokiona. Hapa ndipo nilipokosea mimi. Katika barua yangu ya rufaa nilikuwa nimeandika "mgonjwa ana fujo." Miezi miwili baadaye, mama yule akiwa amepona, alikuja zahanati kumpima mtoto uzito, akaniomba nimsomee nilichoandika. Sikuweza kumkatalia, mambo ni yake. Nikamsomea. Alinyamaza, kisha akaniuliza, "Sista, nilimpiga nani?" Hakumpiga mtu. Hakuvunja kitu. Alikuwa mwoga na mchovu, na mimi nikaandika fujo kwa sababu aliletwa amefungwa mikono. Neno lile lilimtangulia hospitalini, na huko lilifanya aogopwe.

Tangu siku hiyo siandiki hukumu. Naandika: "Hajalala usiku mara 3. Anasema mtoto si wake. Alikutwa kisimani saa 10 alfajiri akiwa na mtoto. Hajampiga mtu." Nanyi semeni hivyo hivyo. Ukimwambia daktari "amerukwa na akili" hujamwambia kitu. Mwambie alianza lini, amelala saa ngapi, amekula nini, anasema nini hasa, amejaribu kujidhuru vipi, anatumia dawa gani, ya hospitali au ya mganga, anakunywa pombe au kuvuta bangi, kama amewahi kulazwa na wapi. Kama amejifungua karibuni, hilo litaje kabla ya yote, kwa sababu mtoto akiachwa nyumbani daktari anaweza asijue kabisa kwamba kuna mtoto.

Mkiondoka nyumbani chukueni kitambulisho cha mgonjwa na cha anayemsindikiza, kadi za kliniki, na dawa zote zilizo nyumbani hata kama ni makopo matupu. Kama amesajiliwa na SHA, mjue nambari yake. Aende jamaa anayeijua habari vizuri, hata kama si mkubwa wa nyumba. Mara nyingi mimi naletewa mjomba mwenye koti, kumbe anayejua kila kitu ni dada wa miaka kumi na tisa aliyebaki nyumbani kuangalia ng'ombe.

Akishalazwa msimwache. Mgonjwa aliyelazwa bila hiari bado ni mtu mwenye haki zake: kuelezwa ugonjwa wake na dawa zake, kuheshimiwa, mambo yake yasitangazwe. Akianza kupata nafuu, aulizwe upya kama anakubali matibabu. Mtu aliyeingia bila hiari anaweza kuendelea kwa hiari, na hilo ni jambo la kufurahia. Jamaa wakiona wanaweza kumtunza nyumbani, wanaweza kumwandikia msimamizi wa hospitali wakiomba wakabidhiwe mgonjwa wao, naye ataamua baada ya kuwasikiliza madaktari. Wakiwa na malalamiko kuhusu jinsi anavyotibiwa waanze na muuguzi mkuu wa wodi, kisha msimamizi. Wasiposikizwa, iko Bodi ya Afya ya Akili ya Kenya, iliyoundwa na sheria hii hii, ambayo miongoni mwa kazi zake ni kupokea malalamiko ya wagonjwa na jamaa zao.

Siku ya kutoka, ulizeni karatasi ya kuruhusiwa. Hii nyingi hupotea, sijui kwa nini, watu huwa na haraka ya kupanda gari. Bila hiyo, mimi huku zahanati sijui alipewa dawa gani wala arudi lini, nabaki kukisia.

Mama yule sasa ana watoto watatu. Alipopata mimba ya tatu tulimwandalia mpango mapema: mkunga anajua, mume alirudi nyumbani kabla ya siku zake, na mama mzazi alihamia kwake majuma matatu. Na safari hii karatasi aliandika mwenyewe, akiwa mzima. Aliandika kwamba akianza kukosa usingizi apelekwe hospitali hata kama anakataa, nani amsindikize, na mtoto abaki na nani. Akatia saini, akanipa nakala moja, nyingine akaificha ndani ya Biblia ya mama yake. Haikuhitajika.

Kina mama wenye wajawazito nyumbani ambao waliwahi kuugua hivi, njooni kliniki tuuandike mpango kama huo pamoja, mkiwa na mhudumu wa afya wa kijiji chenu. Ni kazi ya nusu saa. Juma lijalo, siku kama ya leo na saa kama hii, tutazungumza kuhusu kifafa kwa watoto wa shule, na nitakuwa na mwalimu mmoja studioni. Kwaherini.